Varikoseli na uzazi: damu inaweza kutuambia nini?

Mtoto akichelewa, iwe Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga, anayetangulizwa hospitali ni mke. Yeye ndiye anayepigwa ultrasaundi na kupimwa homoni, na pengine kunywa dawa miezi na miezi kabla hajatokea mtu wa kumwambia mume naye akapime. Kipimo cha mume ni kile kikombe cha plastiki. Ukitoa manii nyumbani, unatakiwa uyafikishe maabara ndani ya saa moja, kikombe kikiwa karibu na mwili kisipoe, kisha upite nacho mapokezi watu wakikutazama. Wengi huishia mlangoni.

Ndiyo maana wazo la kupima damu ya mume badala ya manii linavutia. Varikoseli ni kuvimba kwa vena za korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Damu hutuama, korodani hupata joto, mbegu huumia. Baadhi ya tafiti, zikiwemo za Uturuki, zimekuta wanaume wenye hali hiyo wana uwiano wa juu wa neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Uwiano huo unasomeka kwenye FBP ya kawaida, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, mkono tu unatolewa. Aibu haipo.

Lakini neutrofili hupandishwa na mengi: UTI, jipu, jino bovu, hata sigara. Wengine wanapendekeza eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe. Kwenye pwani yenye minyoo na historia ya matende na mabusha, eosinofili zina sababu zao za kupanda. Lililo zito zaidi ni kwamba Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy, protini fulani, kwenye chembe nyekundu, na kwa asili neutrofili zao huwa chache bila ugonjwa wowote. Kiwango kilichopangwa kwa wagonjwa wa Uturuki kikitumiwa Tanga kinaweza kumpitisha mgonjwa kama mzima.

Halafu, kuijua varikoseli yenyewe hakuhitaji damu. Daktari humsimamisha mtu, humwambia abane pumzi na kusukuma tumbo, naye akipapasa anakuta vena zimejaa kama mfuko wa minyoo. Takriban asilimia 15 ya wanaume wanayo, na wengi wao wana watoto. Tunachotaka kujua ni nani mbegu zake zimeathirika na nani atafaidika na upasuaji. Hapo homoni zina uzito wake: FSH, homoni inayoichochea korodani kutengeneza mbegu, ikipanda, huwa ni dalili kwamba korodani inashindwa kutengeneza mbegu. Ila FSH ya kawaida nayo haimhakikishii mtu kuwa mbegu zake ni nzima.

Wanaotetea damu wana hoja moja nisiyoweza kuitupa: aliyekubali kuchomwa sindano leo huenda kesho akakubali kikombe. Huenda. Ninachohofia ni yule atakayeambiwa uwiano wake mzuri, akarudi nyumbani kifua mbele, mkewe akaendelea na dawa.

Kituo cha Tanga cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kina uzoefu wa miaka mingi wa malaria na matende. Viwango vya damu vya wanaume wa hapa kikiviweka wazi, nitasikiliza upya. Kwa sasa maabara ingeanza na chumba chenye kitasa, na maelezo kwamba mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, hivyo aliyetoka kuugua homa kali asihukumiwe kwa kikombe kimoja. Arudie baada ya miezi mitatu.