Baiskeli ya umeme kati ya Zwolle na Tongoni

Kutoka ninakoishi Zwolle hadi Kampen, ambako nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, ni takriban kilomita 15. Kutoka Tongoni, kijijini kwao mama yangu, hadi soko la Mgandini mjini Tanga ni kama kilomita 17. Safari ya kwanza ni yangu, na naifanya kwa baiskeli ya umeme, nikiwa na koti la mvua na chakula changu cha usiku. Ya pili ni ya mjomba wangu, anayeifanya kwa baiskeli ya kawaida aina ya Phoenix iliyonizidi umri, huku madafu hamsini yamefungwa kwa kamba nyuma na ubavuni. Nimekaa Uholanzi miaka tisa sasa, na ni nadra nipande baiskeli yangu nisimkumbuke. Naamini kwa dhati kwamba chombo hiki kingemfaa yeye kuliko kinavyonifaa mimi, na pamoja na imani hiyo, bado sijathubutu kumshauri akinunue.

Mtu aliyekulia Tanga hashangazwi na wingi wa baiskeli. Ngamiani ni tambarare, barabara zake zimepangwa kwa namba, na asubuhi utawaona watumishi, wanafunzi, mafundi na akina mama waliokusanya mabuibui yao vizuri yasinaswe na mnyororo, wote wakiwa juu ya baiskeli. Mimi mwenyewe nilijifunza hapo nikiwa sijafikia kiti, nimepenyeza mguu chini ya bomba la fremu na mwili wote umeegemea upande mmoja, kama watoto wengi wa kwetu walivyojifunza. Kwa hiyo niliposikia kwamba Uholanzi ina baiskeli zipatazo milioni 23 kwa watu wapatao milioni 18, nilijihisi nimefika kwa jamaa. Ambacho sikukitarajia ni upepo.

Njia ya kwenda Kampen inafuata Mto IJssel, na sehemu kubwa ya nchi huko ni malisho ya ng'ombe yasiyo na mti wa kukukinga. Upepo wa magharibi ukivuma, unakanyaga pedali kama mtu anayepanda mlima usioonekana, na unafika kazini umelowa jasho ndani na mvua nje. Miaka mitatu ya mwanzo niliendesha baiskeli ya kawaida. Goti la kulia likaanza kuuma, na baada ya zamu za usiku nilikuwa nikiiogopa safari ya kurudi kuliko kazi yenyewe. Nilipopata baiskeli ya umeme, siku ya kwanza nilipita juu ya tuta la mto katika upepo uleule nikihisi kana kwamba mtu mwema ameweka kiganja mgongoni mwangu na kunisukuma taratibu. Sijapata njia bora ya kuieleza hisia hiyo. Mota haikubebi, ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Inaongezea nguvu juu ya nguvu yako, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme haizidi wati 250 na huacha kusaidia ukifikia kilomita 25 kwa saa. Ukitaka kwenda kasi zaidi ya hapo, ni miguu yako.

Mvuto huu ni wa kweli, na sitaki kuupunguza. Kule kazini nawaona wanaume na wanawake wenye miaka 75 au zaidi wakija kila siku kuwatazama wenzi wao waliolazwa kwetu, wakitoka vijiji vya mbali kwa baiskeli za umeme. Bila mota hiyo wangesubiri basi la kila saa au kumwomba mtoto awaendeshe, na wengine wangekuja mara moja kwa wiki. Baiskeli imewarudishia uhuru ambao miguu ilikuwa imeanza kuwanyima. Waajiri nao wanasaidia, kwa kuwa tangu mwaka 2024 wanaruhusiwa kumlipa mfanyakazi hadi senti 23 za euro kwa kila kilomita ya kwenda na kurudi kazini bila kukatwa kodi, hata kama anakwenda kwa baiskeli. Kwangu hiyo ni karibu euro 7 kwa siku, nalipwa kwa safari ambayo gharama yake ya umeme ni ndogo mno, kwani betri ya kawaida ikijazwa kutoka sifuri inakula kama nusu yuniti tu.

Hata hivyo, kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoona kwamba mota ni sehemu ndogo ya raha hii. Sehemu kubwa ni njia. Kutoka mlango wangu hadi Kampen karibu safari nzima naendesha kwenye njia ya baiskeli iliyotengwa na magari, au kwenye barabara ndogo za vijijini ambako dereva anajua kwamba mwenye baiskeli ana haki kama yeye. Njia hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 nchini humu, wakiwamo watoto zaidi ya 400, na wazazi wakaingia mitaani katika harakati zilizoitwa Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Ikaja taharuki ya mafuta ya mwaka 1973, magari yakapigwa marufuku kwa baadhi ya Jumapili, na serikali ikaanza kujenga. Baiskeli ya umeme ilipokuja ilikuta kitanda kimeshatandikwa.

Na bado inaua. Mwaka 2017, kwa mara ya kwanza, waliokufa Uholanzi wakiwa juu ya baiskeli walizidi waliokufa ndani ya magari, 206 dhidi ya 201, na wengi wa wale waliokuwa kwenye baiskeli za umeme walikuwa wazee. Mzee ambaye kwa nguvu zake angekwenda kilomita 14 kwa saa sasa anakwenda 22, lakini macho yake, mizani ya mwili wake na wepesi wake wa kufunga breki ni vilevile vya jana. Kwa upande mwingine wako vijana wanaofungua mfumo wa baiskeli zenye matairi manene ili zivuke kikomo cha mwendo, wakipita kwenye njia ileile na mtoto anayejifunza. Mwenye kusifu chombo hiki bila kutaja mambo hayo hawatendei haki wanaomsikiliza.

Yangu ya kulalamikia ni madogo zaidi, lakini yamenifundisha. Baiskeli yangu ina uzito wa kama kilo 25, nami naishi ghorofa ya tatu pasipo lifti, kwa hiyo inalala chini huku betri ikipanda ngazi pamoja nami kila siku. Baridi ikizidi, betri iliyokuwa ikinifikisha na kunirudisha inaishia nusu ya njia ya kurudi. Alfajiri moja ya Januari ilizima nikiwa juu ya tuta, upepo ukivuma kutoka ubavuni, na hapo nikajua kwamba baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni mzigo. Nilikanyaga chuma hicho hadi nyumbani, nikafika mapambazuko huku mikono imekufa ganzi.

Mwaka jana mota yenyewe ikaanza kukatakata. Duka nililonunulia likaniambia kwamba mota hiyo haifunguliwi. Inaunganishwa na kompyuta, kompyuta inasema kosa ni lipi, na kipuri kinaagizwa kutoka kwa mtengenezaji. Nikakaa wiki tatu bila baiskeli, na mwisho wake sikuambiwa kilichokuwa kimeharibika, nilipewa ankara tu. Mimi nina mshahara wa mwisho wa mwezi na treni inayokwenda Kampen, kwa hiyo hasara ile ilinikera na ikapita.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wetu wa Ngamiani, aliyekaa miaka yote chini ya mwarobaini na boksi la mbao. Ukimpelekea pancha, hakuulizi maswali. Anageuza baiskeli chini juu, anachomoa tairi kwa vijiko viwili vya chuma, anajaza mpira upepo na kuuzamisha kwenye beseni la maji, kisha anauzungusha polepole mpaka tundu lijiseme kwa mapovu. Anapasugua kwa msasa, anapaka gundi, anaisubiri ikauke kidogo huku akizungumza mengine, kisha anabandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa spana. Mtoto aliyesimama pembeni akitazama anaondoka anajua kazi. Mjomba wangu anajua spoku ipi imelegea kwa kuisikiliza. Baiskeli yake haina siri kwake, na kwa mtu anayekula kwa baiskeli, jambo hilo ni sawa na akiba benki.

Nilimpigia simu mjomba mwezi wa Ramadhani na kumweleza baiskeli yangu, kwa kuwa mgongo unamsumbua na sauti yake siku hizi ina uchovu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa mwanangu, hiyo betri yenyewe ikifa?" Nikamwambia kwamba betri nzuri inadumu miaka kadhaa, kisha inapungua nguvu, na mpya inagharimu zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Akanyamaza kidogo. "Kwenye dafu moja nabaki na mia mbili," akasema. Nikapiga hesabu wakati yeye bado yuko hewani: madafu 7,500, safari 150 za kutoka Tongoni hadi Mgandini, kwa ajili ya kurudishia betri peke yake, kabla hajala wala kumnunulia mtu daftari.

Hesabu hiyo haijanitoka kichwani. Faida za baiskeli ya umeme kwake ni kubwa kuliko kwangu, kwa sababu mimi inaniokoa goti na jasho, wakati yeye ingemwokoa mgongo unaomlisha, ingemfikisha sokoni kabla jua halijawa kali, na pengine ingemwezesha kupiga safari mbili pale anapopiga moja. Wakulima wa Lushoto wanaoteremsha mboga na kurudi wakisukuma baiskeli kupanda milima ya Usambara wangefaidika hata kuliko yeye. Umeme si kikwazo kama zamani; Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na nusu yuniti ya LUKU kwa siku ni matumizi ambayo hata mwenye kipato kidogo anaweza kuyapangia. Lakini kila kasoro ambayo kwangu ni kero, kwake ni kufilisika. Betri ikifa, mota ikikataa kufunguliwa, au mwizi akiondoka nayo usiku, mimi napanda treni. Yeye anarudi kwenye Phoenix, akiwa na deni.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la baiskeli ya umeme nyumbani liwe ni nani anayebeba hasara ya betri. Vijana wa bodaboda wanaujua mkataba: unachukua pikipiki ya mtu, unapeleka hesabu kila siku, na muda ukitimia inakuwa yako. Ukimpa mjomba baiskeli ya umeme kwa mkataba wa namna hiyo, atamaliza kulipa siku zilezile ambazo betri inaanza kuchoka, na atakuwa amemilikishwa chuma kizito. Utaratibu wa haki ni ule ambao pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi tayari zinautumia, ambapo dereva anaingia kituoni na betri iliyokwisha na kutoka na iliyojaa baada ya dakika chache, akilipia umeme anaoutumia, na betri inabaki mali ya kampuni. Ikizeeka, inazeekea mikononi mwa mwenye mtaji. Na mota iwe ile ya kwenye kitovu cha gurudumu, yenye waya ambazo fundi wa chini ya mwarobaini anaweza kufundishwa kuzipima, wala isiwe sanduku lililofungwa linalosubiri kompyuta ya ng'ambo.

Jambo la pili ni barabara. Mjomba anaendesha pembezoni mwa barabara ya Pangani, na lori likipiga honi anashuka kwenye mchanga pamoja na madafu yake. Kwa mwendo wake wa sasa anawahi kushuka. Mpe kilomita 25 kwa saa na mzigo wa kilo themanini au mia, kisha mshushe ghafla kwenye mchanga, na sijui atainukaje. Tunapopanua barabara zetu, na siku hizi tunazipanua kwa bidii, mita mbili za lami zilizotengwa kwa baiskeli kila upande zingeokoa watu wengi kuliko mota yoyote, na zingeanza kuwafaa siku ileile wale waliokwisha kuwa na baiskeli.

Mwezi wa Julai nitakwenda nyumbani kwa likizo. Nilifikiria kumpelekea mota na betri ndogo ajaribu, lakini ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli mara nyingi ni mara tatu ya hapo. Nilipomuuliza basi nimletee nini, hakusita. Alitaka matairi mawili magumu yasiyotobolewa na miiba, na taa ya nyuma nyekundu inayowaka yenyewe gurudumu likizunguka, kwa sababu anatoka Tongoni kabla ya alfajiri na malori hayamwoni. Taa nimeshainunua. Iko kwenye begi, nimeifunga ndani ya kanga.