Mawingu ya masika na macho ya angani

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, Tanzania, zilikuwa zimefunikwa na maji, na juu ya maji hayo yametanda mawingu ya masika. Setilaiti ya kamera, hata iwe ya kisasa vipi, ikipita hapo inaondoka na picha ya mawingu. Kinachopenya ni rada. Nao mpango wa Sentinel-1 wa Umoja wa Ulaya, ambayo picha zake za rada ni bure, wakati huo ilikuwa na setilaiti moja tu, kwani rada ya mwenzake ilizimika Desemba 2021 kwa hitilafu ya umeme. Moja hurudi kwenye njia ileile baada ya siku 12. Mto Rufiji haungoji siku 12.

Hapa ndipo watetezi wa mitandao ya setilaiti ndogo, wanaosema nyingi ndogo zinashinda chache kubwa, wana hoja nzito. Kampuni ya ICEYE ya Finland ilirusha ya kwanza mwaka 2018, rada yenye uzito usiofika kilo 100, na sasa inazo nyingi. Ikifa moja, nyingine zinaendelea. Kwa mafuriko, sioni jibu bora zaidi.

Lakini picha hizo zinauzwa, na Marekani ilishaonja uchungu wake. Miaka ya 1980 ilikabidhi biashara ya picha za Landsat, setilaiti zake za kupiga picha za ardhi, kwa kampuni binafsi. Picha moja ikapita dola 4,000, watafiti wengi wakashindwa kununua. Zilipofanywa bure mwaka 2008, matumizi yaliongezeka mno. Tena utajiri wa Landsat ni kumbukumbu yake inayoanzia 1972, ambayo data zake husawazishwa ili za jana zilinganishwe na za leo. Anayetaka kujua kama mikoko ya delta ya Rufiji imepungua huanzia hapo. Setilaiti ndogo, zenye maisha ya miaka michache, bado hazijatupa kitu cha namna hiyo.

Taifa-1, setilaiti ndogo ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, naipenda kwa ujuzi iliowapa wahandisi wetu. Hata hivyo imebeba kamera, na masika hayaipishi.

Kwa hiyo ningependa nchi zetu zinunue picha za rada kwa pamoja, kupitia kituo kama RCMRD cha Nairobi, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichoanza 1975, kwa miezi ya mvua tu. Mkataba uruhusu ramani kumfikia afisa wa maafa wa wilaya siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba ukiisha, picha zilizokwisha kulipiwa zitabaki kwetu.