Fani ya kwanza: kujitegemea kama mwindaji, au kufuata moyo?

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye mchezo wa kifantasia wa mtandaoni huulizwa, kabla hajaua hata panya, swali ambalo hana msingi wa kulijibu: utakuwa nani? Mpiganaji, mwindaji, mchawi, kuhani na wenzao wamepangwa mbele yake, kila mmoja na picha nzuri na maelezo ya mistari miwili. Akiomba ushauri kwa wenyeji, atapata majibu yanayogongana. Wapo watakaomwambia achukue fani nyepesi inayojitegemea, na mara nyingi watamtajia mwindaji. Wapo watakaomwambia aachane na hesabu hizo, achukue ile iliyomvutia. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Lakini naona zote zinaliruka jambo ambalo lingepaswa kutangulia: ukigundua baadaye kwamba hukuchagua vizuri, kuhama kutakugharimu nini?

Sifa za mwindaji hazikutoka hewani. Katika World of Warcraft, mchezo uliotoka Novemba 2004, yeye hupigana akiwa mbali, kwa upinde au bunduki, huku mnyama aliyemfuga akimzuia adui. Mnyama anapokea mapigo, mwenyewe anafyatua. Mgeni ambaye bado anatafuta vitufe kwa macho anapata nafasi ya kufikiri, nafasi ambayo fani nyingi hazimpi. Akiwachokoza maadui wawili kwa bahati mbaya, hafi papo hapo. Kazi nyingi za porini anazimaliza peke yake, saa anayotaka yeye. Kwa mtu mwenye saa moja tu jioni, hilo si jambo dogo.

Ila wanaomsifu husahau alivyo mwanzoni. Kwenye toleo la zamani, lile lililorudishwa mwaka 2019 kwa jina la Classic, mwindaji hafugi mnyama mpaka afike kiwango cha 10. Kabla ya hapo yuko peke yake, na adui akimkaribia kuna umbali fulani ambao ni mfupi mno kwa upinde na mrefu mno kwa shoka, kwa hiyo anabaki kurudi nyuma bila kupiga chochote. Mishale ananunua na kuibeba kwenye podo. Mnyama naye anataka kulishwa, na akikaa na njaa muda mrefu anaweza kumkimbia bwana wake. Fani inayoitwa nyepesi ina shughuli zake.

Kasoro yake kubwa zaidi hujitokeza siku ya kwanza ya kuingia pangoni na kundi. Huko kuna mkingaji, ambaye kazi yake ni kuzivuta hasira za mazimwi zimwelekee yeye, na tabibu anayemweka hai. Mwindaji aliyezoea kutembea peke yake anamwacha mnyama wake aendelee kunguruma kama alivyofanya porini, na ngurumo ile inamnyang'anya mkingaji zimwi lake. Halafu kundi linaruka kutoka kwenye ukingo kwenda chini, mnyama harukii, anazunguka njia ndefu kumtafuta bwana wake, na anafika na msururu wa mazimwi nyuma yake. Kundi zima linakufa. Wenzake wanamlaumu mchezaji, ingawa kwa saa zote alizocheza hakuna kitu kilichomfundisha kwamba mambo huenda vingine akiwa na watu. Wepesi wa porini ulimchelewesha kujifunza kazi ya kundi.

Mpiganaji ni kinyume chake. Katika Classic anaanza kila pambano akiwa hana nguvu zozote. Anazikusanya kwa kupiga na kupigwa, hana njia ya maana ya kujitibu, na baada ya vita hukaa chini ale ndipo aendelee. Mgeni anayepita njia hiyo huona mchezo mzima ni mzito. Lakini akifika kiwango cha 60, ambacho ndicho kilele cha toleo hilo, fani hiyohiyo inatafutwa kuliko karibu zote, kwa kukinga na kwa kushambulia pia. Ndiyo maana siamini ushauri wowote unaopima fani kwa ugumu wa saa zake za kwanza. Viwango vya mwanzo vinakueleza habari za mwanzo tu.

Je, waliosema ufuate moyo wana nguvu zaidi? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mchezo wa namna hii unadai saa nyingi mno, na mtu asiyempenda mhusika wake huchoka mapema hata kama alichagua kwa akili. Anayetamani kuwa mchawi wa moto atavumilia kufa mara nyingi kwa sababu kila akifyatua moto anapata alichokijia. Hamu hiyo haiwezi kuletwa na jedwali la nguvu za fani.

Tatizo ni kwamba picha ya kuchagulia haionyeshi kazi yenyewe. Chukua tabibu. Anachorwa akiwa na joho jeupe na mwanga mikononi, na mtu anadhani atakuwa katikati ya vita akitazama joka likianguka. Ukikaa kwenye kiti chake, joka hulitazami sana. Macho yako yako kwenye mistari ya uhai ya wenzako, unaona wa mkingaji unashuka hadi nusu, unaanza tiba inayochukua sekunde mbili na zaidi, na katikati yake unaona wa mshambuliaji mmoja umeporomoka. Unaamua: nikate tiba hii nimwokoe huyu, au niimalize kwa sababu mkingaji akienda tumekwisha sote? Kuna watu ambao uamuzi huo ndio utamu wa mchezo mzima, na kuna ambao unawaletea wasiwasi tu.

Kwa hiyo ukitaka kufuata moyo, usiuulize unapenda mavazi gani. Uulize unapenda kufanya nini kwa mikono na macho yako mara elfu moja.

Hapa naomba niitetee fani ambayo wageni hukatazwa. Huwa wanaambiwa wasianze na tabibu wala mkingaji kwa kuwa lawama ni nyingi. Lawama zipo, sikatai. Lakini tazama hesabu: kundi la watu 5 katika World of Warcraft lina mkingaji 1, tabibu 1 na washambuliaji 3, na bado washambuliaji hujaa kupita nafasi hizo. Tangu Desemba 2009 mchezo una chombo kinachowaunganisha wachezaji wenyewe kwa wenyewe, na mshambuliaji ndiye kwa kawaida anayesubiri foleni. Upungufu wa upande wa pili ulifika mahali ambapo mwaka 2011 waundaji walianza kutoa zawadi ya ziada kwa anayejitolea kwa kazi iliyokosa watu. Mapango ya mwanzo pia ndiyo yenye huruma, kwani kosa la tabibu pale hugharimu dakika chache. Anayengoja mpaka kileleni ndipo ajaribu kutibu atajifunzia mbele ya watu wasio na subira. Na siku hizi mazoezi ya faragha yapo: Final Fantasy XIV, mchezo mwingine wa aina hii, ina ukumbi wa kufundishia kila kazi ya kundi, na World of Warcraft tangu Januari 2024 inakuruhusu kuingia baadhi ya mapango na wenzako wanaoendeshwa na kompyuta.

Turudi kwenye gharama ya kuhama, maana ndiyo inayoamua nani wa kumsikiliza. Katika Final Fantasy XIV mhusika mmoja anaweza kujifunza fani zote. Ukimaliza kazi ya fani yako ya kwanza kwenye kiwango cha 10, unajiunga na nyingine, kisha unahama kwa kubadilisha silaha mkononi. Fani mpya utaipandisha viwango kutoka chini, lakini mhusika, mali na hadithi uliyofikia vinabaki. Pale uchaguzi wa kwanza unaamua zaidi mji utakaoanzia. RuneScape, ya tangu 2001, haina fani kabisa, unakuwa kile unachokifanyia mazoezi. Kwenye michezo kama hiyo kumwambia mgeni achague kwa tahadhari ni kumtia hofu bure. Achukue anachokipenda leo.

World of Warcraft ni habari nyingine. Fani imefungwa kwa mhusika, ukitaka nyingine unaumba mwingine na kupanda upya. Hapo ningemshauri asiyejijua bado atazame druidi au paladini, ambao kila mmoja anaweza kukinga, kutibu na kushambulia. Druidi akichoka kuwa dubu anayepokea mapigo, anageuka tabibu bila kuanza upya. Katika Classic wana adha yao, kwa sababu makundi mengi huwasukuma watibu hata kama wamekuja kupigana. Bado, kusukumwa kuelekea kazi moja kati ya tatu ni afadhali kuliko kugundua kileleni kwamba kazi yako pekee huipendi.

Linabaki suala la marafiki, ambalo huwapotosha wengi kwa nia njema. Kundi lina watu wanne, linakosa tabibu, basi mgeni anabebeshwa utabibu. Kama ni mchezo wa kuhama kwa urahisi, akubali, atawasaidia na atajifunza. Kama fani imefungwa, wenye uzoefu ndio wazibe pengo, kwa sababu wao wana wahusika wengine wa kurudia na mgeni ana huyu mmoja tu.