Wanane walikufa kabla Marburg haijathibitishwa

Mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, kule Biharamulo, Kagera, ulitangazwa umeisha tarehe 13 Machi 2025. Hesabu ya mwisho: wawili waliothibitishwa maabara, wanane wa kudhaniwa, na wote kumi wamefariki. Wanane walishakufa kabla hata mlipuko haujathibitishwa. Hiyo nane inaniuma mpaka leo, maana ugonjwa ukiingia huwa tunaongelea chanjo, barakoa, kufunga mipaka, ila kipimo tunawaachia watu wa maabara utafikiri hakituhusu, wakati bila majibu hayo mengine yote yanasubiri tu.

Angalia inavyokuwa zahanati ya kijijini. Mtu anakuja na homa kali, kichwa kinamuuma, anatapika. Muuguzi anamtoboa kidole, tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, wanasubiri kama robo saa, mstari umetokea mmoja. Malaria hakuna. Na zahanati haina kipimo kingine cha kusema basi ni nini, kwa hiyo atapewa antibayotiki, ataambiwa labda taifodi, anarudi nyumbani mama yake anamuogesha dada yake anafua mashuka yenye matapishi, siku mbili tatu mbele kaanza kutoka damu wanampakia bodaboda katikati ya watu wawili kwenda kituo cha afya, na huko nako anayempokea ana glovu tu, kama zipo. Marburg inapita kwenye damu, matapishi, kinyesi, jasho, mpaka kwenye maiti. Hesabu mwenyewe walioguswa hapo. Na hata mistari ikitokea miwili bado, mtu anaweza akawa na malaria na Marburg vyote kwa pamoja.

Halafu kuna hili la majibu kuwa hasi, watu wengi hawalijui. Siku za mwanzo za dalili virusi kwenye damu vinaweza kuwa vichache mno, ndo maana utaratibu wa Ebola na Marburg unasema aliyepimwa kabla ya saa 72 tangu aanze kuumwa akakutwa hana, apimwe tena. Hasi ya kwanza haitoshi kumruhusu mtu aende nyumbani. Januari ile 2025, WHO walitoa taarifa tarehe 14 kwamba kuna washukiwa Kagera, Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazina Marburg, tarehe 20 Rais Samia akiwa Dodoma na mkuu wa WHO, Dkt. Tedros, akatangaza mgonjwa mmoja kathibitishwa. Mimi nawaza zile siku za katikati. Mtu wa Biharamulo aliyesikia redioni kwamba hakuna Marburg atakuwa aliishi vipi wiki ile, misiba alienda, wagonjwa aliwauguza. Ingetosha kuambiwa sampuli za mwanzo hazijaonyesha kitu ila tunaendelea kupima, kwa hiyo kaeni kwa tahadhari.

Uganda nao 2022 yamewakuta. Mubende watu walianza kufa ghafla kabla sampuli ya kijana mmoja wa miaka 24 haijapimwa Entebbe ikaonekana ni Ebola ya Sudan. Hiyo aina zile katriji za GeneXpert, mashine ya kupima vinasaba vya vijidudu, zilizosaidia sana Congo haziisomi, zile zinasoma aina ya Zaire tu. Yaani unaweza kuwa na mashine nzuri mezani na bado usione ugonjwa.

Rwanda ndo wanaonipa moyo. Walitangaza Marburg 27 Septemba 2024, wengi wa wagonjwa wakiwa wahudumu wa afya, wakaishia wagonjwa 66 na vifo 15, kwa ugonjwa ambao kwa kawaida unaondoka na karibu nusu ya wanaoupata. Dawa na chanjo za majaribio zilikuwepo, sawa, lakini utampa nani hiyo dawa mapema kama hujampima? Walipima watu kwa maelfu, na maabara ilikuwa palepale Kigali.

Kagera sasa hivi kuna maabara inayohamishika ya Kabaile, ndiyo iliyomkamata yule mgonjwa wa 2025 kabla Dar hawajathibitisha, na hilo ni jambo kubwa sana ukilinganisha na kusafirisha sampuli zaidi ya kilomita elfu moja kwenye boksi la barafu. Ila ya aina hiyo inatakiwa Kigoma pia, inatakiwa Katavi, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viwepo kabla ya mlipuko, visije vikaagizwa watu wakiwa wanazikwa. Na kifo cha ghafla chenye homa na damu kichukuliwe sampuli ya mdomoni kabla ya maziko, familia ielezwe kwa heshima kwa nini, na majibu yakitoka wao ndo wawe wa kwanza kuambiwa, kwa sababu ndio waliomuosha.