Mkurugenzi wa Mafriji

Jamani, tangu lini mtu kuwa fundi tu ikawa haitoshi? Natengeneza mafriji hapa Mbagala miaka nenda rudi. Friji likigoma kugandisha, mwenye nalo anamuuliza muuza mkaa, anaelekezwa kwangu, namtengenezea, analipa au anakopa. Utaratibu ule haukuwa na shida yoyote mpaka mpwa wangu aliporudi likizo. Yuko chuo, anasomea masoko. Akaniamkia vizuri, akaizungusha macho karakana yote, akasema kwa huruma, "Anko, huna brandi."

Nikadhani ni kibali kipya cha halmashauri. Nikaanza kupapasa mfuko.

Kumbe bidhaa yenyewe ni mimi. Siku hizi, anasema, fundi hauzi ufundi, anauza jina. Na eti jambo hili si la jana: mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Tom Peters, aliandika kwenye jarida la Fast Company kwamba kila mtu ni mkurugenzi wa kampuni yake, na kampuni yenyewe ni yeye. 1997! Sisi huku mwaka huo uliishia na mvua za El Niño, watu magodoro kichwani wanatafuta pakavu, mwenzetu huko anagawa ukurugenzi.

Tukaanza na picha ya mtandaoni. Sharti ukunje mikono kifuani. Nimechunguza: mshauri wa biashara kakunja mikono, wakili kakunja, dada wa keki kakunja. Watu wote hao wamefanikiwa na hakuna hata mmoja aliyeshika kazi. Koti nikaazimwa. Gari la nyuma yangu ni la mteja aliyeleta friji, tukalipiga picha mwenyewe akiwa ameenda kunywa chai. Chini yake mpwa akaandika: "Mkurugenzi Mtendaji | Mtaalamu wa Ubaridi | Mhamasishaji". Mama Rehema aliposoma hilo la ubaridi alicheka hadi akaomba maji. Nikauliza, namhamasisha nani? Nikaambiwa hao watakuja wenyewe.

Likaja suala la historia yangu. "Anko, watu wanapenda kusikia ulipotoka. Uliwahi kulala njaa?" Nikamwambia nimelala njaa nikigombana na shangazi yako. Akasema hiyo haiuzi. Alitaka nimeanza na shilingi 5,000 na bisibisi ya kuokota. Mimi ufundi nilifundishwa na baba mdogo, bisibisi alininunulia mpya, na wali nilikula kwake kila mchana. Sasa nimdhalilishe marehemu ili nipate laiki?

Halafu bei. Hii ndiyo inanimaliza kabisa. Mtu kauliza mbele za watu, kistaarabu, kujaza gesi ni shilingi ngapi. Nikamtajia bei. Mpwa karuka! Bei haiandikwi, anasema. Unaandika "njoo DM", yaani tuandikiane faragha. Huko nako unamsalimia, unamuuliza yuko mkoa gani, unamtumia picha za mafriji aliyokuwa hakuyaulizia, ndipo unamtajia kwa taratibu. Mimi nikienda sokoni nikaulize nyanya, muuzaji aniambie tukaongelee pembeni, naondoka, tena naangalia nyuma.

Video nilitengeneza, sikatai, na ilikuwa na maana. Nilieleza kwa nini hutakiwi kuchokonoa barafu kwa kisu: ukitoboa ukuta wa friza, gesi yote inatoka, na mafriji mengi ya kisasa yanatumia R600a, gesi inayoshika moto na isiyo na harufu ya kukushtua. Zima friji, fungua mlango, weka tambara, subiri barafu iyeyuke. Basi. Komenti ya kwanza: "Hilo koti la wapi?" Ya pili: "Nifollow nikufollow." Ya tatu ni ya mke wangu, anauliza kama nimenunua unga.

Waliosikiliza kwa makini ni wateja wangu, na hao ndio wamenitia hasara. Wanatazama video, wanajitengenezea. Mmoja alifungua nyuma ya friji lake simu yangu ikiwa hewani, mimi namwelekeza bure, bando ni langu. Kesho yake kalileta kwa guta likiwa halina hata kelele, anaomba punguzo. Kwa nini? "Fundi, mimi ni folowa wako." Tangu lini ufuasi umekuwa vocha?

Mpwa anasema dawa ni tiki ya bluu, watu wataniheshimu. Zamani tiki walipewa waliojulikana. Tangu 2023 Meta, wenye Facebook na Instagram, wanaiuza kwa mwezi, usipolipia inakatika kama king'amuzi. Yaani nilipe kila mwezi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi, wakati Mbagala nzima, pamoja na ninaowakimbia, wananijua hadi mwendo.

Na wanaoniona sasa ni wengi kuliko ninavyohitaji. Mwenye fremu aliona picha ya koti na gari, akapita jioni kunipongeza, akaondoka amepandisha kodi. Shemeji wa Tabora, ambaye hakuwahi kuniuliza hata homa, kaniuliza mtaji. Lakini kilichonifikisha hapa ni kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Mwaka jana harusi ya kaka yake niliandikwa elfu thelathini, nikalipa kwa mafungu, watu wakanishukuru. Safari hii kadi imekuja na jina langu limeanza na "Mkurugenzi", ahadi wameshanijazia wenyewe: laki tano. Tena wameniunga kwenye grupu na katibu kanikaribisha kwa makofi.

Nikamwita mpwa, nikamwonyesha kadi. Kaishika, macho yamemng'aa, anasema, "Anko, hii kontenti kubwa! Tuingie laivu uwajibu."

Nimemwambia aingie yeye, na akifika huko awaulize kama laki tano nayo wanaipokelea DM.