Traki pana nayo ni vazi la mwanaume?
Kuna mchungaji anasema kwamba dada wa kanisani kuvaa suruali ya mazoezi, yaani traki, ni dhambi, mi namheshimu ila hapo sikubaliani nae. Kumbukumbu la Torati 22:5 inakataza mwanamke kuvaa mavazi ya mwanaume, sawa, lakini traki pana imeshonwa ya kike nayo ni ya mwanaume? Mi ni mama wa miaka 52, nina presha, daktari kaniambia nitembee, basi kila Jumamosi alfajiri na wenzangu wa kwaya tunapita Daraja la Tanzanite hapa Dar mpaka ufukwe wa Coco Beach, traki, tisheti ndefu, kanga kiunoni, upepo wa pale juu unaipeperusha hadi naishikilia kwa mkono mmoja lakini natembea. Taiti ya kubana peke yake sivai, Paulo kamwambia Timotheo mavazi ya kujisitiri na mi nayaamini hayo kabisa. Ila Paulo huyohuyo kasema mazoezi ya mwili yanafaa kidogo, kwahiyo yanafaa jamani!! Mwenzetu mmoja aliacha baada ya kusemwa kanisani kwao, saivi sukari imempanda miguu inavimba, inaniuma sana. Jumamosi hii nampitia kwake, kanga ya pili ninayo.