Alama ya Kutoa Inamstahili Nani: Wakati au Nafasi?

Saa inasafiri kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa kipimo chetu sisi tuliosimama, safari imechukua sekunde 5 na umbali ni ule ambao nuru huupita kwa sekunde 4. Atumiaye alama (+,−,−,−), yaani chanya kwa wakati na hasi kwa pande tatu za nafasi, hutoa 16 (mraba wa 4) katika 25 (mraba wa 5), hupata 9, huchukua kipeuo cha pili, na kusema kwamba saa yenyewe imehesabu sekunde 3. Atumiaye (−,+,+,+), yaani hasi kwa wakati na chanya kwa nafasi, hupata −9, na mwanafunzi akiiona hasi hiyo hudhani amekosea, au kwamba aliyeuchagua utaratibu huu alitaka kumsumbua. Hakuna aliyekosea: metriki nzima, yaani kanuni ya kupima umbali katika nafasi na wakati, imezidishwa kwa −1, na saa ingali inasoma 3. Hata hivyo, dhana kwamba utaratibu huu wa pili ni ukaidi tu imezoeleka mno, na sidhani kama ni ya haki.

Utaratibu wa kwanza una ukoo mzuri. Einstein mwenyewe, katika makala yake ya 1916 kuhusu nadharia ya jumla ya uhusianifu, aliupa wakati +1 na nafasi −1 tatu. Wanafizikia wa chembe wengi wanaupenda kwa sababu wanachokitafuta kila siku ni tungamo: chembe ya Higgs, iliyotangazwa kwenye maabara ya chembe ya CERN mwaka 2012, inapovunjika kuwa fotoni (chembe za nuru) mbili, mraba wa jumla ya nishati zao ukipunguzwa mraba wa jumla ya momenta (kiasi cha mwendo) zao hutoa kama 15,625, yaani 125 mara 125 kwa vipimo vya GeV, kizio cha nishati. Anayerudia hesabu hiyo kutwa ana haki ya kutotaka hasi mbele ya jibu lake.

Lakini weka rula ya mita 1 mezani na upime ncha zake mbili kwa wakati mmoja. Kwa utaratibu huo wa kwanza, mraba wa urefu wake ni −1. Kitu tunachoweza kukishika mkononi ndicho kilichobebeshwa hasi! Pande tatu za nafasi zinafuata kanuni ya Pythagoras na unaweza kuzungusha moja ikawa nyingine. Ni wakati peke yake unaokataa kuzungushwa hivyo. Mgeni kati ya wanne ni mmoja, na mapatano ya (−,+,+,+) humtia alama huyo mmoja na kuwaacha wenyeji watatu walivyo. Ndiyo maana pia, unaposhusha indeksi ya vekta, yaani kuizidisha kwa metriki, ni kijenzi kimoja tu kinachobadili alama badala ya vitatu, na nafasi za kuteleza zinapungua.

Faida hiyo huonekana wazi zaidi kwenye mawimbi ya mvutano, mitikisiko ya nafasi-wakati yenyewe. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO ya kunasa mawimbi hayo, iliyoko Hanford na Livingston nchini Marekani, yenye mikono ya kilomita 4, ilinasa wimbi lililobadili urefu wa mikono kwa uwiano wa takriban 10⁻²¹, mabadiliko madogo kuliko kipenyo cha protoni kwa mamia ya mara. Ukiandika metriki kwa (−,+,+,+), kipengele cha upande wa mkono mmoja hutoka 1 kikawa 1+h, h ikiwa ukubwa wa wimbi: mkono ukirefuka, namba inapanda. Kwa utaratibu mwingine hutoka −1 kikawa −1−h, na namba inashuka wakati mkono unarefuka. Vivyo hivyo kwa wanaokokotoa migongano ya mashimo meusi kwa kompyuta: wanaikata nafasi-wakati vipande vya nafasi, kipande kwa kila nukta ya wakati, na kila kipande kinatoka na metriki yake chanya bila kugeuzwa.

Kwa hiyo, kwenye mvutano, nadhani hasi ikae kwa wakati; kwenye maabara ya chembe sitagombana na mtu. Ninachogombana nacho ni kuchanganya. Metriki ikigeuzwa alama, mapito ya vitu vinavyoanguka hayabadiliki, na tensa ya Ricci (jedwali la namba zinazoeleza mkunjo wa nafasi-wakati) yenye indeksi za chini haibadiliki, ila skala ya mkunjo, R, namba moja inayoufupisha mkunjo huo, hugeuka alama. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu nilichukua R kutoka kitabu kimoja na metriki kutoka kingine, na ulimwengu wangu, uliopaswa kujikunja kama tufe, ukatoka umejikunja kama tandiko la farasi.